Vivuli vya Kamba ya Nguo

Kila Jumamosi asubuhi bawabu wa jumba ninaloishi pale Kilimani huburura mpira wa maji na kuosha sehemu ya kuegesha magari. Saruji iliyokwisha kupata jua ikimwagiwa maji ya sabuni hutoa harufu ya peke yake, vumbi na joto na sabuni kwa pamoja, nayo hupanda hadi orofa ya sita na kuingia jikoni mwangu nikiwa bado nakunywa chai. Jirani yangu wa mlango wa pili huipenda. Husema inamwambia kwamba wikendi imefika. Mimi hufunga dirisha. Nimeshakuwa mtu mzima, nina kazi ya kuchora mabango na vielelezo ambayo imenilisha miaka mingi, watu huniita msanii bila kucheka, lakini harufu ile ikinifikia huwa tena msichana wa miaka kumi na mitatu, nimeshika brashi ngumu, ninasugua uwanja ambao hakuna aliyenituma kuusugua.

Uwanja wenyewe ulikuwa katika ploti tuliyopanga upande wa Dagoretti, miaka ile karo ya shule za msingi ilipoondolewa na madarasa yetu yakajaa hadi watoto wengine wakakalia madirisha. Vyumba vilikuwa kumi na viwili, sita huku na sita kule, vikitazamana. Katikati palikuwa na uwanja mrefu wa saruji ulioanzia kwenye mfereji wa maji, upande wa magharibi, ukaishia kwenye geti la mabati upande wa mashariki. Juu yake zilipita kamba za kuanikia nguo. Siku upepo ukitokea kichinjioni tulipata harufu ya damu na ngozi. Siku nyingine tulinusa vitunguu vya kila jirani na kujua nani anapika nini. Kila nyumba ilikuwa na zamu ya kuosha uwanja na choo, na zamu hizo ziliandikwa kwa chaki nyuma ya geti. Hakuna jambo lililozua ugomvi katika ploti ile kama mtu kuruka zamu yake. Na mtu kufanya zamu ya mwenzake kwa hiari, hilo halikuwa limewahi kusikika.

Katika ploti hiyo mimi ndiye niliyekuwa mchoraji. Baba alikuwa mtunza bustani katika nyumba moja ya Muthangari, na mwajiri wake alikuwa akitupa karatasi nyingi zilizochapwa upande mmoja tu. Baba alizikunja vizuri, akazileta nyumbani ndani ya koti lake, na zote zilikuwa zangu. "Karatasi za Phanice," ndivyo zilivyoitwa, na zilikaa chini ya godoro ili zinyooke. Nilichora lile jumba la mikutano la mviringo la katikati ya jiji, lenye kofia juu, nikilinakili kutoka kwenye kalenda iliyoning'inia nyuma ya mlango wetu. Nilitumia rula. Dirisha langu la kwanza na la mwisho yalikuwa sawasawa kabisa. Sikuweka watu, kwa sababu watu waliharibu mistari. Mgeni akija, Mama alimkalisha, akampa chai, kisha akasema, "Phanice, leta zile vitu zako," nami nilizileta kwa mwendo wa mtu aliyezoea kuombwa. Nilipenda sana dakika ile.

Mdogo wangu Linet hakuwa na cha kuleta. Alikuwa amenifuata kwa miaka miwili, na alikuwa mtoto wa kutumwa chumvi akarudi na habari za paka aliyemwona dukani. Mama alizoea kusema akili ya Linet huwa inatembea bila viatu. Sasa, Jumamosi moja ya likizo, majirani wote wakiwa wamefua, nilimkuta amechuchumaa uwanjani na kipande cha makaa kutoka kwenye jiko. Alikuwa akizungushia mstari kivuli cha ovaroli ya Baba Njoro. Baba Njoro alifanya kazi kichinjioni, na ovaroli yake nzito ilikuwa imeanikwa kwa mabega, miguu ikining'inia. Nilimuuliza Linet anafanya nini. Akasema, "Namngoja." Baada ya muda jua lilisogea, na kivuli nacho kikasogea hatua moja kuelekea getini. Linet akakizungushia tena. Kikasogea, akakizungushia. Kufikia alasiri Baba Njoro alikuwa ametembea kutoka mferejini hadi karibu na geti, mara kumi au zaidi, kila mara akiwa amenyosha mguu namna nyingine, na pale mwisho upepo ulikuwa umekunja mkono mmoja wa ovaroli hata ukaonekana kama anainua mkono kumsimamisha mtu barabarani.

Baba Njoro aliporudi jioni hiyo alisimama getini na gambuti zake miguuni, akatazama chini, akacheka hadi akashika mabati. "Kumbe nimekuwa nikienda kazi mara mbili," akasema. Tangu siku hiyo mambo yalibadilika. Linet alichukua vipande vya tofali jekundu kutoka kwenye mjengo wa jirani, akapata na udongo mweupe wa plasta, na kila siku ya kufua uwanja wetu ukawa mji. Sketi ya Mama Shiro ilipanga foleni. Mashuka ya watoto yakawa majumba, na mianya kati yake ikawa vichochoro. Soksi zilikuwa watoto wa shule. Majirani wakaanza kuanika nguo kwa makusudi, wakivuta shati upande huu au ule ili kuona atawafanya nini, na kila aliyetoka chumbani aliuliza jambo lilelile: "Mimi niko wapi leo?" Hata keyateka, msimamizi wa ploti, mtu ambaye hakuwahi kumwacha mtoto aguse ukuta wake hata kwa kidole, aliruka michoro ile kama anaruka dimbwi.

Kulikuwa na mjane katika chumba cha mwisho, Mama Zipora. Mara moja kwa mwezi aliliweka juani koti la marehemu mumewe lisiingie wadudu. Siku moja kivuli cha koti hilo kiliangukia mbele ya mlango wake. Linet alikizungushia, kisha chini yake akachora kigoda. Ni kigoda tu, mistari minne, lakini koti likakaa. Mama Zipora alitoka na sufuria mkononi, akasimama. Wiki nzima aliingia na kutoka chumbani kwake akipita pembeni, akiubana mwili kwenye ukuta, asikanyage.

Niseme wazi nilivyohisi, maana nimekuwa nikilipamba jambo hili kwa miaka mingi. Nilimwonea wivu mdogo wangu. Hakuwa na rula. Hakuwa na karatasi. Hakuulizwa na yeyote achore. Mimi nilikuwa nimekaa miaka mitatu na lile jumba la kalenda, nikipata sifa za wageni wanaosubiri chai ipoe, na yeye kwa kipande cha makaa alikuwa amemfanya mwanamke mzima apite ukutani. Nilijaribu kwa siri. Nilikwenda mferejini wakati hakuna mtu, nikatazama kivuli cha taulo, nikatazama tena. Kilikuwa taulo. Niliporudi ndani nilimwambia Linet kwamba anachofanya si kuchora, ni kufuatisha, na kwamba kufuatisha hata mtoto wa nasari anaweza. Akaniuliza kama nina makaa zaidi.

Muhula ulipoanza, mwalimu mmoja wa kike alikuja shuleni kwetu kutoka katikati ya jiji. Alikuwa akifundisha uchoraji kila Jumamosi katika jumba la zamani huko mjini, orofa ya tatu, na kila shule ya upande wetu ilipewa nafasi ya mtoto mmoja. Mmoja tu. Aliagiza wenye michoro wailete. Nilileta karatasi zangu ndani ya mfuko wa plastiki, na niliona macho yake yakipita juu ya madirisha yangu yaliyonyooka, akatikisa kichwa kwa kukubali. Nilikuwa nimeshapata, nilijua nimeshapata. Ndipo mtoto fulani kutoka darasa la Linet akapayuka kwamba Linet huchora kuliko wote. Mwalimu akamwita. "Zako ziko wapi?"

"Siwezi zibeba, Mwalimu," Linet akasema. "Ziko chini. Kwa ploti."

Darasa zima lilicheka, nami nilicheka kwa sauti kuliko wengine. Mwalimu hakucheka. Alimtazama Linet, akauliza tunakaa wapi, kisha akasema Jumamosi asubuhi atapita nyumbani, aone, aongee na wazazi, halafu aamue kati yetu wawili. Nilikwenda nyumbani na ile plastiki chini ya kwapa, roho ikiniuma hata sikuona njia.

Ijumaa baada ya masomo ploti nzima ilifua, ingawa wengi hufua Jumamosi. Walikuwa wamesikia. Mama Shiro alianika hata pazia ambalo halikuwa chafu. Linet alifanya kazi hadi jua likaisha, magoti meusi, tofali na makaa na plasta, na nilimtazama kutoka mlangoni. Sitasahau aliyoyachora. Ulikuwa mji wetu wote: wanaotembea kwenda vibarua vya mjengo alfajiri, wamama na magunia ya mboga za sukumawiki, foleni ya maji, na katikati yao Baba Njoro akitembea na mkono juu. Pembeni, mbele ya chumba cha mwisho, koti lilikaa kwenye kigoda chake. Kulikuwa pia na vivuli viwili vidogo vilivyoshikana, gauni langu la kanisani na lake. Aliponiona aliviashiria kwa kidole cheusi na kusema, "Huyu ni wewe." Nikamwambia gauni langu halina mikono mirefu namna hiyo.

Kulipopambazuka Jumamosi maji, yaliyokuwa yamekatika usiku, yalikuwa yamerudi mferejini. Mama alimtuma Linet maziwa, kwa maana kutakuwa na mgeni, na foleni ya maziwa ilikuwa ndefu. Nilikwenda kugonga kwa Mama Shiro, ambaye zamu ilikuwa yake. Nilimwambia apumzike, mimi nitaosha, mgeni asikute uwanja mchafu. Alinitazama kwa usingizi. "Na zile vitu za Linet?" akauliza. Nikasema Linet amekubali, atachora zingine mgeni akiwa hapa, ndivyo Mwalimu alivyotaka. Uongo huo ulitoka bila kukwama. Alinipa sabuni yake ya unga.

Nilianzia getini. Makaa hutoka haraka, tofali hukawia. Nilimsugua Baba Njoro hatua kwa hatua nikirudi nyuma, nikawasugua wamama na magunia, nikasugua vichochoro. Nilipofika kwenye yale magauni mawili nilimwaga ndoo nzima ili nisiyatazame. Mwisho nilifika kwa Mama Zipora. Mlango ulifunguka wakati nimepiga magoti juu ya kigoda. Alitazama brashi, akatazama maji yenye rangi ya kutu yakiteremka kwenye mtaro. "Umeosha mpaka kwangu," akasema. "Asante, mwanangu." Na akarudi ndani, akifunga mlango polepole. Majirani wengine walipotoka waliona msichana aliyeosha uwanja mzima siku isiyo ya zamu yao, na kama kuna aliyelalamika, sikumsikia. Mama alinishika shavu mbele ya watu wote. Hajawahi kunisifu vile tena.

Linet alirudi na maziwa akasimama getini. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Nilikuwa na maneno tayari, kuhusu usafi, kuhusu mgeni. Hakulia wala hakuniuliza. Alitua mtungi, akatazama uwanja uliolowa kutoka upande mmoja hadi mwingine, kisha akaenda jikoni kutafuta makaa.

Mwalimu alifika saa nne. Alikaa kwenye kiti chetu kizuri, karibu na mlango, akapitia karatasi zangu moja moja juu ya meza ndogo. Halafu akamgeukia Linet aliyekuwa amesimama kizingitini. "Na wewe? Nimekuja kuona za chini."

"Zimeoshwa," Linet akasema.

"Nani ameosha?"

"Ni huyu mkubwa," Mama akadakia kwa fahari. "Na hata haikuwa zamu yetu, Mwalimu. Ameamka tu mwenyewe akaosha kila mahali."

Mwalimu alinitazama kwa namna ambayo sijaweza kuifasiri hadi leo. Akasema hilo ni jambo zuri. Akamwambia Linet yeye bado ni mdogo, kutakuwa na miaka mingine. Linet akaitikia, akatoka nje. Wakati Mama na Mwalimu wakiongea kuhusu nauli na chakula cha mchana, nilichungulia. Jua lilikuwa limeushika uwanja, na saruji ilikuwa ikikauka kwa madoa. Linet alikuwa amechuchumaa kati yetu na geti, akifuata ukingo wa maji kwa makaa. Maji yalirudi nyuma, akachora ukingo mpya ndani ya ule wa kwanza. Yakarudi tena, akachora tena. Mstari ndani ya mstari, na katikati doa la maji lililobaki liking'aa, likipungua. Lilikuwa zuri kuliko mji wa jana. Nilikuwa nimempa karatasi mpya bila kujua, na nilitamani kuchukua ndoo nyingine.

Mwalimu aliinuka kuondoka. Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo hakuna sabuni ya kulisafisha. Nilimshika mkono, nikampitisha upande wa pili chini ya kamba, ambako mashuka ya Mama Shiro yalikuwa bado yananing'inia, nikajiweka kati yake na Linet, na njia nzima hadi getini nikamuuliza maswali: tutatumia penseli gani, kuna rangi, tuje na rula? Alijibu yote kwa upole, akiniangalia usoni. Hakugeuza kichwa. Nilimfungia geti.

Kwa hiyo nafasi ilikuwa yangu. Jumamosi ya kwanza mjini, Mwalimu alitupanga kwenye madirisha ya orofa ya tatu na kutuambia tutazame barabara, tuchore kilicho hai. Nilitafuta jumba la kunyoosha, rula mkononi, na wenzangu walikuwa wameshaanza. Jua lilikuwa kali na watu waliopita kwenye lami walikuwa na vivuli. Nilichora vivuli. Niliacha watu, nikachora vivuli vyao vikipanga foleni, kimoja kimeinua mkono kumsimamisha mtu. Mwalimu aliishika karatasi yangu juu ili wote waone. "Hii imetoka wapi?" akauliza. Nikasema nimeiwaza tu. Sifa yangu ya kwanza katika sanaa ilikuwa ya Linet, na nyingine nyingi zilizofuata zilikuwa zake, maana kila nilipokwama nilifumba macho nikautafuta ule uwanja. Jioni Linet alikuwa akinipokea getini, ananiuliza, "Leo mlichora nini?" Nilimjibu, "Vitu tu."

Ile miaka mingine haikuja. Nafasi za shule yetu ziliisha, na Linet alimaliza masomo akajifunza cherehani. Leo ni fundi wa nguo, ana kibanda chake karibu na soko la Dagoretti, anashona sare na magauni ya harusi. Ploti yetu imebomolewa. Pamesimama jumba la ghorofa ambalo wapangaji wake huanika nguo ndani ya vyumba, na sidhani kuna mtoto anayejua nguo ya jirani yake ni ipi. Mimi nina meza pana, taa ya kuchorea, na karatasi za kila aina, nene na nyembamba, nyeupe pande zote mbili.

Mwaka jana Linet alikuja kwangu na mapazia niliyomwagizia. Tuliyatandaza juu ya ukingo wa baraza mikunjo itoke, tukakaa chini na chai. Sijui ni harufu ya maji kutoka kule chini au ni nini, lakini nilimwambia. Nilimwambia yote, zamu ya Mama Shiro, uongo, namna nilivyomzuia Mwalimu asimwone. Aliendelea kupuliza chai.

"Siz, nilijua siku hiyohiyo," akasema. "Wewe na brashi? Wewe uliyekuwa unaosha vikombe ukilia?" Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Lakini hiyo haikuniuma sana. Kuosha, uwanja huoshwa. Chenye kiliniuma ni zile karatasi. Baba alileta nyingi, Phanice. Zilijaa chini ya godoro mpaka tukawa tunalala juu yake. Na hukuwahi kunipa hata moja."

Katika miaka yote ya kujihukumu sikuwa nimewahi kufikiria karatasi. Nilitazama mlango wa chumba changu cha kazi, zilikopangwa karatasi zangu kwenye rafu hadi juu, na nilijua hata nikimpa zote sasa atazitumia kukatia vipimo vya nguo.

Upepo ulipita na mapazia yakainuka. Linet alitazama sakafu ya baraza na uso wake ukafunguka, uso uleule wa miaka kumi na mmoja. "Ona huyo," akasema, akiashiria kwa kikombe. "Amepoteza funguo. Anajipapasa mfuko."

Wivu ulinipanda palepale, mzima, kama haujawahi kulala hata siku moja. Niliinama nikatazama mahali alipoonyesha, kwa macho ya mtu aliyesomeshwa kutazama. Niliona kivuli cha pazia.

"Eeh," nikamwambia. "Nimemwona."